Mzee Ndoo na Maji ya Samaki Wake

Familia imechoka, hatufichi, kwa hiyo wasifu huu ni mfupi. Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Ndoo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, akiwa kitinda mimba wa watoto saba. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1966, kisha akajiunga na chuo cha ufundi na kuhitimu mwaka 1971.

Mwaka 1972 aliajiriwa kwenye mtambo wa maji wa mji, kazi yake kutia klorini, dawa ya kuua vijidudu, na akaifanya miaka thelathini na nne. Huko ndiko mhandisi mmoja aliyekuwa akihama alikomwachia tangi la kioo lenye samaki wawili, dume na jike, asili yao mito ya Amerika ya Kusini. Hawazidi kidole gumba, lakini jike akilea hugeuka njano na kumvamia yeyote.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976, akichelewa saa mbili kwa sababu mayai yalikuwa yanaanguliwa.

"Bibi harusi anakusubiri," kaka yake alimwambia.

"Yeye anaweza kusubiri. Hawa hawawezi."

Mkewe alimkumbusha jibu hilo kila alipotaka kitu, na mara nyingi alikipata.

Samaki wakazaana, matangi yakafika sita. Ukumbi ukajaa ndoo, kwani maji ya bomba yalilazimika kukaa siku mbili klorini itoke, maana huua samaki. Mkewe alijikwaa kwenye ndoo hizo miaka arobaini na sita.

Juni 2023 figo zilimlaza hospitali wiki kumi na moja. Mkewe alikwenda asubuhi na jioni, na akirudi ni matangi. Siku moja nguvu zilimwishia, akayajaza moja kwa moja kutoka bombani. Kesho yake samaki wote walikuwa wanaelea.

"Wanangu wanaendeleaje?" mgonjwa aliuliza.

"Hawajambo. Jike kageuka njano."

Kwa siku kumi na tisa alimtungia habari za vifaranga, na mzee alifurahi. Alifariki tarehe 2 Septemba, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanane. Samaki hakuacha. Mjane ameomba tulisome hilo kabla ya udongo: walikufa mikononi mwake, kwa kuchoka, si kwa kutojali.

"Mwambieni hapa," alisema, "asije akasikia kwa watu."

Lala salama, baba. Na mama naye umruhusu alale.