Mama Mbu na Zamu za Chumba cha Dawa

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, na ninyi wa kazini kwake mliokuja na basi la kituo mkakaa upande ule wa kivulini, kwa niaba ya familia nasimama mimi mdogo wake marehemu, niliyemfuata kuzaliwa na niliyelala naye kitanda kimoja mpaka alipokwenda chuo kikuu, niwasomee maisha yake. Kaka yetu mkubwa ameniomba nisome kwa kifupi na nisimkwaze mtu. Nimemwahidi nusu ya hayo, ile ya ufupi, na hiyo nayo nitajitahidi tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1964, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya stesheni ya treni, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu baba yetu, aliyekuwa fundi wa reli, na mama yetu, ambaye yuko hapa mbele yenu, na ambaye hakustahili kukalia kiti hicho cha mfiwa leo. Tulikulia kwenye kota za reli, vyumba viwili na jiko la pamoja, na nyuma ya jiko kulikuwa na pipa la maji ya mvua ambalo dada alilichungulia kutwa nzima, kwa sababu ndani yake walikuwemo mabuu wa mbu, na siku mama alipolimwaga aliangua kilio mpaka majirani wakaja kuuliza ni nani aliyempiga mtoto.

Elimu ya msingi aliipata katika shule ya watoto wa wafanyakazi wa reli kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, akaendelea na sekondari ya wasichana ya bweni kuanzia 1979 hadi 1984, na mwaka 1985 akajiunga na chuo kikuu kusomea elimu ya viumbe, akibobea katika wadudu. Huko mhadhiri mmoja, mtu mwema tu, alimwita pembeni akamshauri ahamie ualimu, kwamba kazi ya wadudu ingemkosesha mume, na dada akamjibu kwamba kwa mbu wenyewe majike ndio wanaouma na kufanya kazi yote, madume wanazurura wakinyonya maua, kwa hiyo yeye amefika mahali pake. Alihitimu mwezi Novemba 1988.

Tarehe 1 Julai 1989 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa magonjwa yanayoenezwa na wadudu, lile jengo refu la ghorofa moja linalopakana na kiwanda cha magodoro, na hapo ndipo alipofanya kazi hadi mwisho wake. Kwa wale msiojua kazi yenyewe, nitaieleza nilivyoelezwa. Kuna chumba cha kufugia mbu, chenye joto na unyevu wa kutosha kukutoa jasho ukiwa umekaa, na mbu wamo kwenye vizimba vya wavu, wasio na ugonjwa wowote, na kwa kuwa mbu jike hatagi bila damu, wafanyakazi walikuwa wakiingia kwa zamu kuwalisha kwa mikono yao wenyewe, mtu anaingiza mkono kizimbani, anatulia, wanakunywa. Zamu hizo wanawake walipangiwa zaidi kuliko wanaume, kwa maelezo kwamba wanawake ni wavumilivu. Ndiko alikopata jina la Mama Mbu, ambalo alilipenda, na watoto wa mtaa huu walimwimbia kila alipopita, naye akiwa nyumbani aliua mbu bila huruma, akisema wale wa kazini ni wafanyakazi wenzake, hawa wa nyumbani ni wezi.

Halafu kuna chumba kingine, mwisho wa ukumbi, kinachoitwa chumba cha dawa. Humo kuta hupuliziwa dawa mpya za kuua wadudu, kisha mbu huachiwa ndani ionekane wanakufa au hawafi. Suti za kujikinga zilikuwa zimenunuliwa kwa vipimo vya wanaume, hivyo dada alikunja mikono ya suti na kuifunga kwa mpira, na barakoa ilimwachia upenyo pembeni mwa mashavu. Lakini chumba hicho ndicho chenye utafiti wenyewe, aliyemo humo jina lake linaandikwa kwenye ripoti, anapelekwa mikutanoni, anapelekwa kusoma. Na desturi ya kituo ilikuwa kwamba mwanamke akisema ana mimba anatolewa humo siku hiyo hiyo, kwa wema kabisa, anapelekwa kwenye beseni kuhesabu mabuu, na akishatolewa harudi tena. Wenyewe kwa wenyewe walikuwa wakiambiana, fulani kashushwa kwa mabuu, na kila mtu alielewa kwamba huyo ameisha.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992, na shemeji yetu, fundi wa majokofu, aliyekutana naye siku alipokwenda kutengeneza friji kubwa la kituo. Dada alimsimamia kutoka asubuhi hadi jioni bila kubanduka, akihofia sampuli zake zisiharibike, shemeji akadhani amependwa, na kwa kuwa hakuambiwa vinginevyo, mambo yakaenda hivyo hivyo hadi kwenye ndoa. Siku ya harusi mpambaji alimaliza kopo zima la poda kwenye mkono wa kushoto wa bibi harusi, na bado madoa ya kuumwa yalionekana kwenye picha.

Walijaliwa watoto watatu. Katika maandishi niliyopewa jana walikuwa wawili, lakini marehemu mwenyewe alisema kwa kinywa chake, mbele yangu na mbele ya mumewe, kwamba siku ya kumsindikiza wahesabiwe watatu, kwa hiyo natii. Wa kwanza ni binti, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1994, miezi miwili kabla ya wakati, katika wodi ya wazazi ya hospitali kuu, akiwa ameshafariki. Mimba ile dada aliificha kazini, alishona koti la maabara la kipimo cha mtu mnene, akasema ananenepa kwa raha za ndoa, kwa sababu jaribio lilikuwa katikati na aliahidiwa kwamba likiisha atapelekwa kusomea shahada ya uzamivu. Aliniambia mimi na mumewe peke yetu. Kama ni dawa iliyomwondoa mtoto yule au ni jambo jingine, hakuna daktari aliyesema, na familia haitasema kile ambacho daktari hakukisema. Baada ya wiki mbili alirudi kazini, na hakuna aliyempa pole, kwa kuwa hakuna aliyejua, na hicho ndicho kilichomuuma mpaka anazeeka, kwamba alifiwa na mtoto akaambiwa na wenzake, shosti, umepungua, umependeza.

Mtoto wa pili, wa kiume, alizaliwa tarehe 20 Januari 1996, na wa tatu, wa kike, tarehe 11 Juni 1999, wote wako hapa. Kwa hawa wawili hakuficha. Alisema mapema, akashushwa kwa mabuu mara zote mbili, na safari ya kusoma akapewa kijana ambaye dada ndiye aliyemfundisha namna ya kushika kizimba bila mbu kutoroka, na kijana huyo akarudi akawa bosi wake. Shahada ya uzamivu aliipata mwaka 2008, akiwa na miaka arobaini na nne, akisoma huku akifanya kazi, na siku ya mahafali mama mkwe wake, Mungu amrehemu, alimuuliza kama sasa ataacha wadudu.

Tarehe 1 Machi 2011 aliteuliwa kuwa mkuu wa idara, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuweka sharti rasmi kwamba mjamzito asiingie chumba cha dawa, na asipoteze nafasi yake katika utafiti. Uongozi wa juu ulikubali nusu ya kwanza. Nusu ya pili walisema itazamwe fedha zikipatikana. Dada alifurahi kwa hiyo nusu, alinunua keki akaja nayo hapa nyumbani, tukala.

Ndugu zangu, mwezi Septemba 2015 binti mmoja wa idara yake, mtafiti mwenye kipaji kuliko wote, alianguka ndani ya chumba cha dawa akiwa na bomba la kupulizia mgongoni. Walipomvua suti walimkuta amejifunga tumbo kwa kitambaa, mimba ya miezi mitano. Mama alipona, mtoto hakupona. Jioni ile dada alikuja kwangu dukani, akakaa juu ya marobota ya vitambaa, na kwa muda mrefu alirudia jambo moja tu, alinificha mimi, mdogo wangu, alinificha mimi. Alikuwa ameamini kwamba ameufungua mlango, kumbe kwa wale mabinti yeye ndiye aliyekuwa amesimama mlangoni.

Alikwenda kwa wakubwa kuomba ile nusu ya pili. Akaambiwa wafanyakazi wa kuziba pengo hawapo. Akaenda tena, na tena, hadi katibu muhtasi akawa anamwona kwa mbali anaanza kutafuta uongo. Mwishowe akaacha kwenda, akaanza utaratibu wake mwenyewe, ambao hakumtangazia mtu. Alipomwona binti ameanza kukwepa harufu ya dawa, au anakunywa soda asubuhi, au amebadilisha koti, hakumuuliza kitu. Siku ya zamu ya binti huyo, yeye aliwahi kazini mapema, akavaa suti, akaingia chumba cha dawa, akapulizia, akatoka, na binti akifika anakuta zamu yake imeshafanywa na jina lake bado liko kwenye ubao. Alifanya hivyo kwa karibu miaka mitano, mkuu wa idara, mwanamke wa zaidi ya miaka hamsini, na shemeji akimgombeza alijibu kwamba yeye hana tena wa kumbeba tumboni. Mabinti walielewa. Walinyamaza, naye alinyamaza, na ukimya huo ulimuumiza, kwa sababu alichokuwa akikitaka si kushukuriwa, alitaka siku moja mmoja wao aje amwambie kwa mdomo wake, Mama, nina mimba, bila kutetemeka.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kujisikia uchovu na kuvilia damu ngozini bila sababu mwishoni mwa mwaka 2020, akasema ni uzee, na mwezi Machi 2021 alipimwa akakutwa na saratani ya damu. Alipomuuliza daktari kama inatokana na kazi, daktari alimjibu kwa uaminifu kwamba hawezi kusema ndiyo na hawezi kusema hapana. Dada aliridhika na jibu hilo, kwa sababu alikuwa mwanasayansi. Mimi sikuridhika na siridhiki mpaka leo, kwa sababu mimi ni muuza vitambaa, na dada yangu amelala humo ndani ya sanduku. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi kazini, akazidiwa tena, na tarehe 30 Januari mwaka huu wa 2023 alilazwa kwa mara ya mwisho.

Siku nne kabla hajafariki, saa ya kuona wagonjwa, alikuja binti wa idara yake, mwembamba, amebeba machungwa. Nilikuwepo, na shemeji alikuwepo. Binti alisimama miguuni mwa kitanda, akasema, Mama, nina mimba ya miezi mitatu, nimekuja kukuambia wewe kabla ya mama yangu, na utafiti sitaki kuuacha. Dada alicheka. Mwezi mzima ule sikuwa nimemwona akicheka. Akamwambia akae, akamuuliza kama anatapika, kisha akaniambia nimpigie simu naibu wake na niweke sauti kubwa, kwa kuwa mkono wake haukuweza tena kushika simu. Akamwambia naibu kwamba binti huyu hataingia chumba cha dawa mpaka ajifungue na amalize kunyonyesha, hatahesabu mabuu, ataendelea kupanga majaribio na kusoma matokeo, jina lake litabaki la kwanza kwenye ripoti, na zamu zake wazigawane wengine wote, naibu akiwemo. Naibu akasema, sawa Mama. Dada akamwomba arudie. Akarudia, sawa Mama.

Marehemu alifariki tarehe 17 Februari 2023, alfajiri, akiwa na mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, hasa muuguzi wa zamu ya usiku aliyemsuka nywele zilipoanza kuota tena. Tunawashukuru majirani mliopika na mliofagia, wenye nyumba waliotuachia ua wao tuweke viti, na wafanyakazi wenzake mliomchangia damu, ninyi mliozoea kuwapa mbu.

Naibu mkuu wa idara yuko hapa, safu ya pili, amevaa suti ya kijivu, na kuanzia leo idara iko mikononi mwake. Mwanangu, sikutaji kwa ubaya, kaka yangu tafadhali usinivute nguo, namalizia. Keshokutwa ni Jumatatu, chumba cha dawa kitafunguliwa, zamu ya kwanza ubaoni ni ya yule binti, na mara hii hakuna mtu atakayekuwa amewahi kuja kumfanyia. Ulisema sawa Mama, mara mbili, na tulikusikia watu watatu pamoja na marehemu. Sasa wamekusikia wote hawa.

Dada yangu, suti umeshaivua, hakuna wa kukuamsha uwahi, pumzika kwa amani.