Elinami Mshana na Ndama wa Sabi

Ndugu waombolezaji, mliofunga vibanda mtaani Dengfeng na mlioacha mizigo haijafungwa kwenye soko la vitambaa la Zhongda, asanteni kwa kuja. Wasifu huu unasomwa na Dainess, mdogo wake marehemu, leo Jumamosi tarehe 17 Novemba 2007, hapa Guangzhou, kabla kaka yake hajaanza safari ya kurudi Ugweno kuzikwa. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza kila kitu kisomwe, pamoja na kosa lake. Wifi Sesilia, mjane wake, hakupenda. Wazee wa ibada nao walikohoa. Lakini agizo la marehemu halipigiwi kura, na huyu mdogo wake hajawahi kujaliwa kipaji cha kunyamaza.

Elinami Joshua Mshana alizaliwa tarehe 3 Machi 1955 Ugweno, katika milima ya Upare, mtoto wa kwanza wa Mzee Joshua Mshana na Bi. Felisia. Kutoka uwanjani kwao mtu huliona Ziwa Jipe kule chini, na asubuhi ukungu hulala juu ya maji kama shuka. Ng'ambo yake tembo walikuja kunywa. Kwa umbali ule hawakuwa na miguu wala sauti, walikuwa vivuli tu vinavyoelea, vinasimama, vinayeyuka. Elinami aliwaacha mbuzi wakaingia kwenye maharage ya watu, yeye akakaa akitazama. Mama akamuuliza, "Mbuzi wako wapi?" Akajibu, "Mama, leo wamekuja na mtoto." Alichapwa siku hiyo, na kesho yake akarudi palepale.

Alisoma shule ya msingi Ugweno tangu 1963, kisha sekondari Same hadi 1973. Mwaka 1977 alijiunga na Chuo cha Wanyamapori Mweka, akahitimu 1979 na kupangiwa pori la akiba la Mkomazi. Mwaka 1984 alipata ufadhili wa kwenda Ujerumani Mashariki, akamaliza masomo na kuajiriwa katika bustani ya wanyama ya mji mmoja mdogo wa huko. Baba alishika kichwa. "Nimemsomesha mtoto akachunge tembo wa Wazungu!" alisema, na akaendelea kusema hivyo kwa miaka kumi, hasa wageni wakiwepo.

Tembo wale walikuwa majike watano wa Kiafrika, yatima wote, waliochukuliwa wadogo baada ya mama zao kuuawa. Walikusanywa kutoka huku na huku wakawekwa nyumba moja. Kaka alikuwa akieleza kwamba kundi la tembo ni bibi, binti zake na wajukuu, dume huja akaondoka. Msichana hujifunza kuzaa kwa kuwa pale dada yake anapozaa: anaona damu, anamsikia ndama akilia, anazoea. Hawa watano hawakuwa na bibi. Mmoja tu, Mara, alikuwa ameshazaa kwenye bustani nyingine kabla ya kuletwa hapo. Mdogo wao aliitwa Sabi. Kaka alimlisha kwa mkono tangu alipofika huko, na barua zake nyumbani zilimtaja Sabi kuliko zilivyotutaja sisi.

Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa Ugweno na Sesilia. Siku ya uchumba, badala ya kumsifia binti wa watu macho yake, alimweleza kwamba tembo jike hubeba mimba miezi ishirini na miwili. Sesilia akasema, "Basi nashukuru sikuzaliwa tembo." Walijaliwa watoto wawili, Thomas na Upendo. Thomas alizaliwa Ujerumani mwaka 1991. Wauguzi walikuwa wema, lakini Sesilia hakuwa na mama wala shangazi wa kumshika mgongo, na mumewe aliambiwa asubiri nje. Alilia kutwa nzima akimwita mama yake aliyekuwa Upare.

Sasa tunafika penyewe. Mwezi Mei 1998 Sabi alizaa mara ya kwanza. Desturi ya bustani nyingi wakati huo ilikuwa kumtenga mzazi na kumfunga mnyororo miguuni, ili watu wapate kumkaribia. Mwanafunzi aliyekuwa akijifunza kazi pale, kijana Mjerumani aitwaye Henning, aliomba mlango ufunguliwe, Mara aingie. Kaka ndiye aliyekuwa na ufunguo. Akakataa, utaratibu ni utaratibu. Ndama alikuwa dume, akasimama katika nusu saa, mzima kabisa. Sabi hakuwahi kuona kitu kama kile. Alikiogopa, akakikanyaga hadi kikafa, na muda wote huo Mara alikuwa akiusukuma mlango wa chuma kwa paji la uso. Kaka aliandika katika taarifa: "Ndama alizaliwa dhaifu, hakuweza kusimama, akafa." Taarifa ikasifiwa. Ikasambazwa kwenye bustani nyingine.

Baada ya hapo hakukaa vizuri na kazi ile. Mwaka 2003 Sesilia alikuwa ameanza biashara ya vitambaa hapa Guangzhou, naye kaka akapata ufadhili wa shahada ya uzamivu katika chuo kikuu kimoja cha hapa, kuchunguza homoni za uzazi wa tembo. Akawa mwanafunzi mwenye mvi. Mjuavyo, hakuna aliyemzidi kwa kuota mchana. Sesilia akimtuma Zhongda kuchukua majora ya vitenge, alisimama kati ya vitambaa vilivyoning'inia akasahau alichotumwa, hadi laobani, mwenye duka, amletee kiti na chai.

Kila wiki Henning, ambaye sasa alikuwa mkuu wa nyumba ya tembo kule, alituma faksi ya vipimo vya mkojo wa tembo, na faksi iliyokuwa karibu ilikuwa kwenye kibanda cha simu cha Haidar pale Dengfeng. Haidar aliita kwa sauti mtaa mzima: "Mzee Mshana, mkojo wako umeingia!" Wateja wapya walipigwa na butwaa. Katika vipimo hivyo, mwanzoni mwa 2006, kaka aliona kwamba Sabi amepata mimba tena. Alimkumbatia Haidar akampigisha dansi katikati ya chaja.

Aprili ile, kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou, mfanyabiashara mwenzetu Ahmada wa Zanzibar alimchukua amtafsirie bei za jenereta. Kaka akaona meza ya mashine za kuangalia mtoto tumboni, akamwacha Ahmada na jenereta zake. Alimuuliza binti muuzaji kama wana kipimo chenye mkono wa mita moja na nusu. Binti akauliza mjamzito ana uzito gani. Kaka akasema, tani tatu na nusu. "Mei you," binti akasema, hakuna, huku akirudi nyuma taratibu. Ahmada hadi leo anadai jenereta zile alinunua kwa bei ya kiziwi.

Mwezi Juni 2007 kaka aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, imeshasambaa. Madaktari walisema miezi mitano. Sabi alitarajiwa kuzaa katikati ya Novemba. Kaka alihesabu kwa vidole, akacheka, akasema tutaona nani atatangulia. Alikuwa na jambo jingine alilolitamani tangu ujana: kuitwa daktari. Baba alikufa akimwita mchunga tembo. Tasnifu ilikuwa imekamilika, ilibaki aitetee Oktoba na jina liandikwe upya, lianze na Daktari, angali hai.

Septemba Henning alipiga simu. Wakuu wa bustani wameamua Sabi atengwe na kufungwa mnyororo kama mara ya kwanza, kwa sababu taarifa ya Mshana ya 1998 ilionyesha kutengwa hakukuwa na ubaya, ndama alikuwa dhaifu tu. Henning alijua ukweli, lakini alikuwa mwanafunzi wakati ule, na neno lake peke yake halikutosha kuipindua. Kaka aliweka simu chini.

Kisha akamwambia mkewe yote, na Dainess, aliyekuwa amefika kumuuguza, alikuwepo akimenya viazi.

"Baba Thomas," Sesilia alisema, "hayo yamelala miaka tisa. Usiyaamshe. Sura yako nzima ya nne imesimama juu ya taarifa ile. Ukisema hivyo sasa, watakunyima shahada."

"Najua."

"Umesoma miaka minne. Umeuza hata gari."

"Mama Thomas, siku ya Thomas ulimlilia mama yako, na mimi nilikuwa nje ya mlango. Nilikusikia. Miaka saba baadaye nikashika ufunguo, nikamfanyia Sabi yaleyale. Mficha uchi hazai. Nipe kalamu."

Sesilia alilia. Halafu akampa kalamu, na kwa sababu mkono wa kaka ulikuwa umedhoofu, akamshikia na karatasi. Barua ilikuwa fupi: ndama alikuwa mzima, alisimama, mama yake alimuua kwa hofu, na aliyekataa kumfungulia Mara ni mimi. Msimfunge. Mwacheni na wenzake. Akatia sahihi, Haidar akaituma kwa faksi bila kusoma, na nakala akaipeleka mwenyewe kwa profesa wake, akipumzika kila ngazi ya tatu. Profesa aliisoma mara mbili, akainama kwa heshima. Akasema sura ile lazima iondolewe na kazi ianzwe upya, ni mwaka mmoja. Mwaka mmoja hakuwa nao.

Wiki tatu hakuna jibu. Kaka alilazwa. Utaratibu wa wodi ulikuwa mgeni mmoja kwa wakati, ndugu wa damu tu. Muuguzi akauliza dada wa mgonjwa ni yupi, jirani yetu Mwatima wa Zanzibar na baibui lake akanyoosha mkono, jirani mwingine, Mwikali wa Machakos, akanyoosha mkono, na Dainess mwenye damu yenyewe akabaki nyuma kama mzigo. Muuguzi aliwatazama wote, akatikisa kichwa, akaleta viti. Tangu siku hiyo hakuachwa peke yake hata saa moja. Mwatima alimsomea dua, Mwikali alimwimbia tenzi, na wote wawili walimlazimisha uji.

Dawa zilimpeleka mbali. Alisema tembo wanapita Dengfeng, wakubwa mbele, wadogo katikati, miguu yao haitoi sauti, na hawagusi hata kibanda. Alituomba tusogee wapite. Tulisogea. Nani angekataa? Tarehe 30 Oktoba jibu la Henning lilifika: wakuu wamekubali, mnyororo umeondolewa, mlango utakuwa wazi. Alisomewa mara nne. Ya nne aliuliza kama Mara mwenyewe ameambiwa.

Elinami alifariki Alhamisi tarehe 8 Novemba 2007, saa nne asubuhi, mkono mmoja ukiwa kwa mkewe na mwingine kwa mdogo wake. Kazi ya Mola haina makosa, lakini leo inauma, na msiambiane haiumi. Ahmada, aliyetuchapishia programu hii, aliandika kwenye jalada "Dkt. Elinami Mshana". Dainess akamrudishia zote. "Lakini dada, nani atajua?" Ahmada aliuliza. Aliambiwa achape upya, naye akachapa. Jina mnaloliona mbele yenu ndilo alilolichagua mwenyewe.

Ameacha mjane, Sesilia. Watoto wawili, Thomas na Upendo. Mama mzazi, Bi. Felisia, anayemsubiri Ugweno. Na wadogo zake watano, akiwemo huyu anayesoma. Ameacha pia Haidar, Ahmada, Mwatima na Mwikali, ambao hospitali imewaandika kuwa ndugu wa damu na hatuna sababu ya kuwasahihisha.

Kuna habari ambayo yeye hakuisikia. Jumatatu iliyopita, saa moja asubuhi ya kwao, saa nane mchana hapa kwetu, tukiwa matangani, Henning alipiga simu. Sabi amezaa jike. Wote watano walikuwa chumba kimoja, bila mnyororo. Ndama alipoanguka chini akilia, Sabi alirudi nyuma, akamjia, akainua mguu wa mbele, kama mwaka ule. Ndipo Mara akaja taratibu, akauingiza mwili wake katikati, akasimama hapo, akampapasa Sabi usoni kwa mkonga hadi mguu ukashuka. Walikaa hivyo saa mbili. Kisha Sabi mwenyewe akamsogelea ndama.

Kaka, amenyonya. Sasa lala, upumzike kwa amani.