Kilomita Mia Nne kwa Sahani ya Kuku

Benchi la Breki ni ubao mmoja uliolazwa juu ya injini mbili zilizokwisha kufa, nje ya karakana yake ya pikipiki, na mtu wa upande mmoja akiinuka bila kutoa taarifa, wa upande wa pili anajikuta chini. Kwa hiyo hapo watu hukaa kwa makubaliano. Saa nne asubuhi wanakuwepo wale wale. Yupo Hakimu, ambaye maishani hajahukumu hata kesi ya kuku. Alikuwa karani wa mahakama, kazi yake kuita majina mlangoni, akastaafu na sauti tu. Yupo Profesa, kinyozi wa mlango wa pili, anayejua sababu ya kila kitu na anayeacha vichwa vya watu nusu ili aje kuieleza. Yupo Mama Birika, anayeuza kahawa na kusikiliza bure. Na yupo Breki mwenyewe, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya ufundi wake, na ambaye wiki sita sasa kila akiitwa anahisi kama anasutwa. Nyuma yao ukutani kuna mchoro wa helmeti, ila mchoraji alikuwa na haraka, ikatoka kama sufuria.

Asubuhi hiyo Breki alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni la maji, anatafuta tundu kwenye tyubu ya dada mmoja mpeleka vifurushi. Dada mwenyewe alisimama kando, mikono kiunoni, pikipiki yake ikiegemea jiwe. Hakuna aliyemjua.

— Haya, tuendelee tulipoishia, alisema Hakimu, akakohoa kimahakama. Mshtakiwa alikuwa mwendo gani?

— Mia na ishirini, alisema Breki.

— Jumatatu ulisema mia.

— Jumatatu nilikuwa sijakumbuka vizuri.

— Wiki ya kwanza ilikuwa themanini, alisema Mama Birika, akimimina. Ukienda hivi, baba, mwisho wa mwezi utakuwa umeshapaa.

Benchi likacheka, ubao ukayumba. Breki naye alicheka, ila kicheko chake kiliishia mdomoni. Pikipiki yake aliijua. Hata ikiteremka mlima na upepo ukiisukuma mgongoni, tisini ilikuwa ni dua.

Habari yenyewe kila mtu pale aliijua kama anavyojua njia ya chooni kwake. Kuna waendesha pikipiki tisa, wa miji tofauti, ambao mara moja kwa mwaka hutoka kila mmoja kwake alfajiri na kukutana kwenye mkahawa mmoja wa njia panda kula chakula cha mchana. Wanakula, wanataniana saa moja, wanarudi makwao. Kwa Breki ni kilomita mia mbili kwenda na mia mbili kurudi. Mkewe alishampimia: kutoka jikoni hadi mezani ni hatua tisa, na kuku ni yule yule. Lakini mke hajui utamu wa sheria zao. Sheria zao ni mbili. Anayefika wa kwanza ndiye anayewaagizia wote, na hakuna kubisha. Ya pili, hakuna anayetia tonge mdomoni mpaka wote wawe wamekaa.

Kwa miaka kumi na tisa Breki hakuwahi kufika wa kwanza. Miaka kumi na tisa amekula maharage kwa amri ya watu wengine.

Na kuna Kobe. Kobe ni seremala wa mji wa jirani, kilomita hamsini tu kutoka benchini pale, na anaitwa hivyo kwa sababu hajawahi kuvuka sabini. Ni wao wawili tu wanaopita barabara ile ya mashariki. Wenzao wanatokea pande nyingine. Kobe huondoka mapema ili asichelewe, na Breki humpita mahali fulani katikati, wakapungiana mikono. Mwaka huu, zikiwa zimebaki kilomita sitini, Breki alimwona Kobe amesimama kando ya barabara, anapunga mkono. Breki naye akapunga, akapiga honi mbili, akapita. Akafika wa kwanza kwa dakika nne. Akaagiza kuku.

Kobe alikuwa amekatikiwa na cheni.

— Mimi nasema ilikuwa salamu, alisema Profesa. Mkono ukipungwa juu ya bega ni salamu, chini ya bega ni shida. Hiyo ni sayansi ya viungo.

— Ulikuwa juu, alisema Breki upesi. Juu kabisa.

— Umeona? Huyo alikuwa anakusalimia.

— Mtu amekatikiwa na cheni, jua la saa tano, anakusalimia? aliuliza Mama Birika.

— Adabu, mama. Kuna watu wana adabu mpaka wanakera.

Kiputo kikapanda ndani ya beseni. Breki akaliona tundu, akaweka kidole juu yake, akakaa hivyo hivyo. Tangu siku ile alikuwa anauleta mkasa huu benchini kila asubuhi kama mgonjwa anayerudi zahanati kubadilishiwa dawa. Kila nadharia waliyompa aliimeza. Ilimsaidia mpaka jioni.

— Tuseme haikuwa salamu, aliendelea Profesa, akisogea mbele, ubao ukalia. Joto la barabara. Lami ikichemka inatoa mvuke, mvuke unatoa picha. Inawezekana kabisa wewe hukumwona Kobe. Uliona taswira ya Kobe. Kobe mwenyewe alikuwa kilomita kumi nyuma, hajakatikiwa bado.

— Taswira imepigiwa honi mbili, alisema Mama Birika.

— Ndiyo maana haikujibu.

— Ngoja, ngoja, alisema Hakimu. Twende kwenye kiini cha shauri. Pale mezani uliulizwa nini hasa?

Breki alifuta tyubu kwa kitambaa, polepole kuliko ilivyohitajika.

— Waliuliza nani amemwona Kobe njiani.

— Wewe ukajibu?

— Nikasema, yuko njiani anakuja.

Hakimu akajipiga kofi gotini kwa furaha.

— Hapo hapo. Alikuwa njiani? Alikuwa njiani. Uongo uko wapi? Mimi nimeita majina mlangoni miaka thelathini, nimeona watu wameachiwa huru kwa sentensi mbovu kuliko hiyo.

— Na anakuja? alisema Mama Birika.

— Nia ya kuja alikuwa nayo. Sheria inaangalia nia.

Breki alitamani hukumu hiyo isomwe mara ya pili. Lakini kilichomrudia kilikuwa ile meza. Sahani tisa za kuku zikipoa, saa saba, saa nane, wenzake saba wanatazama barabara ya mashariki kwa zamu. Yeye tu ndiye hakuitazama. Saa tisa walikula, mafuta yameshaganda, wakaifunika sahani ya Kobe kwa sahani nyingine. Wakati wa kurudi alipita pale mahali, akakuta doa la mafuta na chupa ya maji iliyokwisha. Ndani ya mkoba wake wa pembeni kulikuwa na cheni mbili za akiba. Fundi hatembei bila cheni.

Baadaye mpishi wa mkahawa ndiye aliyesimulia kwamba saa kumi na moja lori la kabichi lilisimama, likamshusha Kobe na pikipiki yake. Akanawa mikono. Akaifunua sahani. Akala peke yake kwenye meza ya watu tisa mpaka akamaliza, kisha akaipiga picha mifupa, akaituma kwenye simu za wote na neno moja: Nimefika. Tangu siku hiyo, Breki akimpigia, simu inaita mpaka inakata.

— Hapokei kwa sababu amepoteza simu, alisema Profesa.

— Wiki sita? Wenzake wanampata, alisema Mama Birika.

— Basi yule si Kobe. Sikilizeni, msicheke. Kobe alichukuliwa pale pale barabarani, na aliyefika na lori la kabichi ni mtu mwingine anayefanana naye. Ndiyo maana hapokei. Sauti itamuumbua.

— Amchukue nani seremala?

— Watu wenye kazi nyingi za mbao.

Hakimu hakutaka kuachwa nyuma. — Mimi naona ni mtego. Kobe aliikata cheni mwenyewe. Alitaka kukupima. Miaka kumi na tisa anakula na wewe, akajiuliza, huyu ni rafiki au ni jirani wa meza? Kwa hiyo mlalamikaji ndiye mshtakiwa. Wewe ndiye unayemdai radhi.

Hapo hata Breki hakuimeza. Aliikumbuka ile mvua ya mwaka wa saba, pistoni ya pikipiki yake ilipokwama, na Kobe, aliyekuwa amekwisha kumpita kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani, alipogeuza na kurudi. Walikaa chini ya daraja dogo saa tano nzima wakila biskuti zilizolowa. Chakula cha mchana kiliwapita wote wawili. Kobe angeweza kufika wa kwanza siku ile. Hajawahi kulitaja hilo, hata kwa utani.

Akapaka gundi, akaipulizia, akabandika kiraka.

— Bado dakika tano, dada, alisema. Ikauke.

— Sina haraka, fundi. Dada wa vifurushi alikuwa ameugeukia ukuta. Hii sufuria ni ya nini?

— Hiyo si sufuria, alisema Profesa. Hiyo ni helmeti. Mchoraji ndiye sufuria.

Dada akasogea karibu, akasoma maandishi yaliyo chini yake, kwa sauti, neno kwa neno: — Helmeti ikiwa chini nyuma ya tairi, mwenzako amekwama. Simama.

— Sheria ya barabarani hiyo, alisema Hakimu. Kila anayezibiwa pancha hapa anafundishwa. Ukikwama, usihangaike kupunga mikono, watu watadhani unawasalimia. Weka helmeti chini, nyuma ya pikipiki. Mwenzako akiiona hapiti.

— Nzuri. Nani aliitunga?

— Breki na Kobe, alisema Mama Birika. Siku ya mvua, chini ya daraja.

Dada akatikisa kichwa, akaitazama tena ile sufuria. Hakuwa na ubaya wowote usoni. Alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza njia.

— Sasa siku hiyo, helmeti yake ilikuwa wapi?

Profesa aligeuka kuutazama ukuta. Hakimu alimtazama Profesa, kisha akamtazama Breki, kisha akatazama kikombe chake kana kwamba faili lilikuwa humo. Wiki sita walikuwa wamelipima jua, mvuke, bega, nia na kabichi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza hilo, ilhali kila asubuhi waliegemeza migongo yao kwenye mchoro ule ule.

— Mama Birika, alisema Hakimu, nitilie kidogo.

Mama Birika aliliinamisha birika. Likatoa tone moja, likafikiria, halikutoa la pili.

— Imekwisha.

Kutoka kwenye kibanda cha kinyozi mteja mwenye nusu kichwa alichungulia, akauliza kama kinyozi wake bado yu hai huko nje. Profesa akamwashiria arudi ndani.

Breki alikuwa ameinamia tyubu. Helmeti ya Kobe ni nyekundu, ina mkwaruzo upande wa kushoto. Ilikuwa imewekwa kwenye nyasi nyuma ya tairi, imesimama sawasawa, imeelekea kule magari yanakotoka, kama walivyokubaliana. Alikuwa ameiona kwa mbali, kabla hata hajamwona mwenyewe. Alikuwa ameiona, akahesabu dakika, akaona maharage, akapiga honi.

— Ilikuwa chini, alisema.

Akakigusa kiraka kwa kidole. Kilikuwa kimekauka.

— Nyuma ya tairi. Palepale panapotakiwa.

— Shauri... alianza Hakimu, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu, sauti ikamkatikia.

Breki akairudisha tyubu ndani ya tairi, akajaza upepo, akalifunga gurudumu, akamkabidhi dada pikipiki yake. Dada alishukuru, akavaa helmeti taratibu, akasukuma pikipiki yake hatua kadhaa kabla ya kuiwasha, kama mtu anayetoka kwenye chumba chenye mgonjwa.

Kisha Breki akaingia karakana, akatoka amevaa koti lake la safari. Cheni moja mpya ameining'iniza begani. Akamkabidhi Mama Birika ufunguo.

— Unakwenda kwake? aliuliza Mama Birika.

— Kilomita hamsini.

— Kwa kuku ulikwenda mia nne.

— Najua, mama.

— Na asipofungua mlango? aliuliza Profesa, na hakuongeza nadharia yoyote.

Breki alikuwa ameshapanda. Aliitazama helmeti mikononi mwake, akaifuta vumbi kwa kiganja.

— Nitaiweka chini, alisema. Nitakaa hapo hapo.

Hakimu aliinuka kumuaga, akasahau kutoa taarifa, na Profesa akajikuta chini. Hakuna aliyecheka.