Ngumi ya Kyabu

Ndani ya treni ya kwenda Kamina, Mama Mauwa alikuwa amepakata vipande viwili vya ubao kama mtoto mchanga. Mjukuu wake Kyabu alikuwa ameupasua ubao huo kule Kabongo, kwa ngumi iliyoanzia umbali wa kidole kimoja. Bibi alikuwa anavipeleka Kamina kwa baba wa msichana huyo, anayetaka binti yake aache karate.

"Mama, walitangulia kuikata na musumeno," alicheka Lumbu, fundi wa reli aliyeketi mbele yake. "Pa kidole moja, nguvu itatoka wapi?"

"Papa, jibu hii: inaanza chini, inapita katikati, inalia juu. Ni nini?"

"Treni."

Kwa fundi huyo kila kitu treni. Mama Mauwa akatikisa kichwa. "Mwanamuke mwenye kutwanga sombe, majani ya muhogo! Kisigino kinasukuma, kiuno kinageuka, mukono unafika wa mwisho. Minyi njo, mimi bibi yake, nilimufundisha Kyabu. Mwalimu wa karate aliongeza salamu tu."

Lumbu alisimama, akaelekeza ngumi kwenye mgongo wa kiti kitupu, akakaza bega mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Weye unabeba gunia? Legeza bega!"

"Baba yake hatasadiki."

"Atashika ubao mupya yeye mwenyewe, Kyabu aupasue," alisema Mama Mauwa, kidevu juu.

Breki zikalia, watu wakakimbilia mlango. "Iko musumeno," Lumbu alirudia, lakini kisigino chake cha kulia kilikuwa kinasukuma sakafu.