Siku ya Muriel

Indriķis Strautmanis, tunayemzika leo hapa Port Adelaide, alizaliwa tarehe 3 Novemba 1890 huko Ventspils, Latvia, kitinda mimba wa seremala wa meli. Alisoma shule ya parokia, kisha akaenda baharini. Mwaka 1912 meli yake ilitia nanga hapa, akashuka kununua tumbaku, na hakurudi tena melini.

Agosti 1915 alijiunga na jeshi la Australia, ingawa Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Wenzake walimwita Harry. Julai 1916 alijeruhiwa bega huko Pozières, Ufaransa, akapona, akarudishwa mstari wa mbele. Baada ya vita alifanya useremala bandarini hadi alipostaafu mwaka 1955.

Tarehe 12 Machi 1921 alimuoa Muriel Tapscott, ndiye mimi ninayewasomea. Nasema wazi, nilikuwa na wivu, na bado ninao. Kila tarehe 25 Aprili, siku ya wanajeshi, alitoka alfajiri akarudi usiku. Mambo ya vita mliyajua ninyi mliopigana naye. Mimi nilifua mashati tu.

Mwaka 1948 Walatvia wenzake wakaanza kufika. Kwao kila jina lina siku yake kwenye kalenda, na mwenye jina huokewa kliņģeris, mkate mtamu wa zafarani na zabibu kavu. Mume wangu alimwokea jirani yetu Zelma kila mwaka. Zelma huyo hapo mstari wa pili, tena na kofia mpya.

"Na siku yangu mimi ni lini?" nilimuuliza.

"Mama Lorna, jina lako halimo kwenye kalenda."

"Basi Zelma akufulie na soksi."

Februari mwaka huu alikutwa na saratani ya mapafu. Tarehe 25 Aprili mlimkosa kwenye gwaride, mkasema Harry hawezi tena kutembea. Aliweza. Alikuwa jikoni kwangu, unga hadi kwenye nyusi. Nikanuna.

"Leo unamwokea nani?"

"Wewe. Nimekupa tarehe hii."

"Si ya wanajeshi wako?"

"Nimewapa miaka mingi, inawatosha. Kaa ule."

Tulikula, akanisimulia Pozières yote, mpaka chai ikapoa.

Alifariki nyumbani tarehe 9 Juni 1958. Ameacha mjane, binti yetu Lorna, mkwe na wajukuu wawili. Apumzike kwa amani, hana deni kwangu.

Ninyi wanajeshi, mwakani gwaride likiisha njooni nyumbani. Zelma ataoka. Mimi nitakaa kitini, maana siku ni yangu.