Kura za Posta za Pine Fork

Benchi letu liko nje ya duka la chambo, hapa Pine Fork, North Carolina, na kahawa hutoka kwenye chupa ya Kengele, mgonga kengele wa kanisa letu. Asubuhi hiyo tulikuwa tukila pai ya viazi vitamu aliyotuletea Purnell, jirani mwema kupita kiasi. Haikushuka vizuri. Ernestine, dada yake Kengele, alikuwa ameshindwa udiwani kwa kura kumi na tisa, na ni yeye tu aliyeahidi kuwa zahanati yetu haitafungwa. Vituoni alishinda. Kura za posta ndizo zilizomzamisha.

PROFESA (darasa la nane aliliona kwa mbali): Nyie, angalieni hesabu. Mitaa mingine yote, kura za posta zinafanana na za vituoni. Dada akipata sita kwa kumi kituoni, posta anapata sita au saba. Hapa kwetu? Mbili!

DIZELI (dereva mstaafu wa malori): Labda wapiga kura wa posta hawampendi.

KENGELE: Wapiga kura wa posta ni sisi wazee, we mjinga! Zahanati anaitaka nani?

PROFESA: Sarafu ikilala kichwa mara themanini kwa mia, usiseme bahati. Ikague.

DIZELI: Basi ni gundi. Joto likizidi garini, bahasha zinafunguka, karatasi zinachanganyikana. Gundi naijua mimi.

PROFESA: Gundi gani! Wafu wamepiga kura. Si wahenga walisema haraka haraka haina baraka? Ndiyo maana marehemu wanatumia posta.

KENGELE: Mie nasema setilaiti.

Hapo akasimama binti mmoja mwenye begi la kompyuta, akatuamkia.

— Shikamooni wazee. Naitwa Maribeth, mtu wa takwimu. Wakili wa Bi Ernestine kanituma.

— Marahaba, binti. Eti ni setilaiti?

— Sijui, mzee. Hesabu zinanionyesha moshi tu, na kesho bodi ya uchaguzi itataka kumwona aliyewasha moto. Bahasha nyingi za mtaa huu hazikufika kabisa. Zenu alizipeleka nani posta?

Dizeli aliiweka pai yake chini. Tukamwambia Purnell alizipitia nyumba zetu zote, akasema tusisumbue magoti, atazipeleka yeye.

— Zilikuwa zimefungwa?

Profesa alitazama viatu vyake. Nami nilikumbuka Purnell akinicheka, eti nisiilambe gundi ile chungu ya bahasha, atafunga mwenyewe. Niliona aibu, naisema wazi.

Kengele aliiinamisha chupa juu ya kikombe cha binti. Lilidondoka tone moja.

— Yangu nilimpa wazi, akasema. Alama iko kwenye jina la dada yangu.

— Utalisema hilo kesho, mzee?

— Nitalisema. Ngoja kwanza nikamwambie Ernestine, asilisikie kwa mtu mwingine.

Akaondoka, chupa akaiacha benchini.