Mkono Ndani ya Kopo Tupu

Sogeeni, wanangu, msogee mpaka niweze kuwagusa, maana sauti niliyobaki nayo haitoshi kuvuka chumba, na huko nje mnasikia wenyewe mabenchi yanavyoburutwa: watu wanakusanyika uani, na alasiri hii wanataka kumkabidhi kaka yenu kopo la kura mbele ya kaya zote kumi na mbili. Kabla hajalishika nina la kusema. Kifungua mimba wangu, usinikazie macho. Najua unachokiogopa, na hichohicho ndicho nitakachokisema.

Nianze na mali, kwa kuwa ni habari fupi. Hati ya kiwanja hiki ina jina langu peke yangu, kwa sababu karani wa ardhi siku ile alicheka, akasema fomu yake haina nafasi ya majina kumi na mawili. Kiwanja si changu, wala si chenu. Binti yangu, karatasi niliyotia saini jana mbele ya mwanasheria iko chini ya godoro hili. Inasema kiwanja ni cha kaya zote, sawa kwa sawa. Ninyi mtarithi meza yangu ya kuchorea, rula zangu, na redio ile isiyoshika kitu mpaka uipige kofi. Msigombanie redio, tafadhali.

Sasa lile zito. Mnajua nilikuwa mchora ramani katika ofisi ya mitaro ya mji, miaka ishirini nikichora njia za maji machafu ya watu wengine, na saa ya chakula, wenzangu wakienda kula, mimi nageuza karatasi zilizoharibika na kuchora nyuma yake mji wangu mwenyewe: mji usio na mwenye nyumba wala mpangaji, vyumba kumi na viwili vikizunguka ua mmoja, jiko moja, milango isiyo na kufuli, kazi kwa zamu hata mwalimu anaosha choo, na kila baada ya miaka mitatu kila kaya inahama chumba kwa kura, asije akatokea mtu wa kusema hapa ni kwangu na kumtazama mwenzake kwa dharau. Ofisini walinicheka mpaka wakachoka. Fundi seremala na mkewe ndio walioniamini kwanza. Fundi ndiye aliyetuchongea vile vibao kumi na viwili vya namba, tukavitia katika kopo la maziwa, na mtaa mzima ukatuita watu wa kopo. Tulilipenda jina hilo. Nilitembea kifua mbele.

Lakini chumba namba tisa kina unyevu, na mimi nilijua kitakuwa na unyevu kabla tofali la kwanza halijawekwa, kwa sababu mtaro unakata kona palepale chini ya ukuta wake, na mtaro huo niliuchora mimi. Ningeweza kujenga vyumba kumi na kimoja. Nilikataa, wanangu, kwa sababu duara lilikuwa zuri karatasini likiwa na vyumba kumi na viwili. Ndiyo, kwa uzuri wa mchoro tu.

Kura ya kwanza ilikuwa safi. Ilipofika ya pili, mama yenu alikuwa na mimba yako wewe mkubwa, na pumu yake mnaijua, nikaingiwa na hofu. Nilikuwa mshika kopo, na mshika kopo huchota mwisho. Watu wakinisifu kwa hilo, eti mtu mnyenyekevu, anakubali makombo. Asubuhi ile nilitoa kibao namba tatu nikakificha katika mkono wa shati. Kaya kumi na moja zikachota vibao kumi na kimoja. Kisha mimi nikatia mkono ndani ya kopo tupu, nikautoa na namba tatu. Nani angechungulia?

Mke wa fundi akapata namba tisa, naye ana mtoto wa kike wa miezi mitano, kifua kinamkereta. Akasimama mbele ya wote akasema, "Jamani, naomba mtu anibadilishie, mtoto wangu hatapona kwenye chumba kile." Mwalimu akanyoosha mkono kwamba yuko tayari. Nami nikasimama. Nikasema mkianza kubadilishana leo, kesho mwenye nguvu atamhamisha mnyonge, na kura haijui machozi ya mtu. Nilisema vizuri sana. Walinipigia makofi, na kibao nilichokiiba kiko kiganjani mwangu. Mvua kubwa zilipoanza, yule mtoto alifariki.

Ngoja, binti yangu, usinifute jasho sasa, niache nimalize. Tulipotoka kuzika, fundi alinishika bega akasema, "Umesimamia sheria hata ilipouma. Mwingine angeyumba." Miaka thelathini na minne nimeyabeba maneno hayo na yananichoma mpaka leo. Mngedhani basi niliacha. Sikuacha! Kura zote zilizofuata nilificha kibao, mara namba tano, mara namba moja, nikibadilisha ili watu wasishtuke, ilimradi isiwe tisa. Kila kaya hapa imelala namba tisa isipokuwa yetu, nao wanasema ni bahati. Mama yenu alinifuma safari moja. Tangu siku hiyo hakuniita mume wangu. Aliniita mwenye kopo, mpaka anaingia kaburini.

Unasema nini, wewe mkubwa? Rudia, dada yako asikie. Eti, "Baba, nyamaza, hakuna aliyeona, ukisema ua mzima utavunjika." Basi uvunjike. Wewe ulizaliwa pakavu, mtoto wa fundi akakohoa mpaka mwisho, na leo unataka kulishika kopo lilelile kwa sababu wanakuita mtoto wa mtu mwadilifu? Hulishiki. Nakukataza, na neno la baba anayekufa usilifanyie mzaha. Utakwenda mbele yao uyaseme haya yote kama nilivyoyasema, usiyapunguze hata chembe.

Na hii ndiyo kazi ninayowaachia. Kibomoeni chumba namba tisa, na kaya iliyomo ijengeeni pakavu, nje ya duara. Mchoro utakuwa na pengo. Acheni uwe na pengo. Mshika kopo achote wa kwanza, na kabla ya kura aligeuze chini juu mbele ya watu, vibao vihesabiwe. Na mwenye shida akisimama kuomba, asikilizwe, hata kama sheria inasema vingine. Sheria niliitunga mimi, nanyi mmeshaona mimi ni mtu wa namna gani.

Nawapenda. Sikuwaambia vya kutosha. Mungu awape usingizi mwema kuliko wangu, awape watoto wasioona haya kuwataja, na ninyi watatu asiwatenganishe. Itikieni... Nimesikia sauti mbili. Wewe mkubwa, nitakungoja.

Haya, shikeni pembe za godoro. Nipelekeni namba tisa, nikafie kule. Kitinda mimba, wewe una mikono yenye nguvu, shika kichwani. Dada yako miguuni. Taratibu. Jua hili... kali. Mbona wameinuka wote? Nani huyo anakuja mbio? Fundi. Amezeeka na bado anakimbilia kubeba wenzake. Hapana, msimpe nafasi. Fundi, toa mikono yako, ndugu yangu. Wanangu, nishusheni, hapahapa chini. Asinibebe kabla hajajua.

Inama, fundi. Sauti imekwisha. Karibu zaidi. Ni habari ya mtoto wako.